Jina la Kompyuta

"Andika Mbuke," mume wangu alisema kwenye simu, nami nimekaa mbele ya kibodi, unga wa mchele ukiwa bado umeshika vidoleni.

Alikuwa Mang'ula akipiga picha za harusi. Picha zake zote zimo kwenye kompyuta hii ya nyumbani, hapa mtaani kwetu Viwanja Sitini, na huzifungua kwa simu akiwa mbali. Asubuhi umeme ulikatika, akashindwa kuipata.

"Mbuke ndiye nani?"

"Ni jina la kompyuta tu, mama watoto. Umeme ukirudi, mtandao unatupa namba mpya. Namba hubadilika kila mara, jina halibadiliki, ndilo ninaloitafutia. Andika, halafu bonyeza Sasisha. Bibi harusi ananisubiri."

Miaka tisa ananiita mama watoto. Kumbe lipo jina analolitaja kila siku.

"Ulilitoa wapi?"

"La zamani hilo. Kabla sijakuoa."

Nikaandika herufi mojamoja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Ukurasa ukafunguka. Jina lilikuwepo, na chini yake tarehe liliposajiliwa: mwezi uliopita, siku aliyoniambia amelala Mlimba kwa sababu barabara imekatika.

Pembeni kulikuwa na vitufe viwili, Sasisha na Futa. Nikabonyeza.

"Umeshabonyeza?"

"Nimeshabonyeza."

"Inasemaje?"

"Inauliza kama nina uhakika."