Njaa ya Mazimwi

Enzi hizo, mtu aliyechagua kuwa zimwi kwenye mchezo wa mezani alimeza kidonge, akabaki na hisia za zimwi mpaka mchezo umalizike. Mwasiti ndiye aliyewarekebisha mazimwi ili wachezeke: aliwapunguzia nguvu, akawaondolea njaa ya nyama ya watu.

Mumewe, Shekuwe, alikuwa wa kwanza kuwajaribu. Haukupita muda akaanza kulala sebuleni kila siku ya majaribio, mlango kaufunga kwa ndani.

"Njaa hukuiondoa, mke wangu," alimwambia asubuhi moja, bila kumtazama usoni. "Mpeleke binti yetu kwa bibi yake."

"Niliiondoa mwenyewe. Huo ni woga wako tu."

"Basi meza na wewe."

Mwasiti alimeza kwa hasira, akaketi kungoja. Hakuhisi kitu, akataka hata kumcheka mumewe. Mara binti yao, Riziki, akaingia mbio kutoka nje, jasho likimtiririka, goti limechubuka.

"Mama, nimeanguka!"

Shekuwe alirudi nyuma hadi ukutani. Mwasiti alitaka kumwambia mtoto akimbie, lakini mate yalishamjaa kinywani, na mikono yake ilikuwa imeshanyooka kumpokea.