Robo Saa ya Mke

Saa kumi na mbili na robo kamili ya jioni, Octave alianza kumpenda mke wake.

Kwanza aliangalia saa ya mkononi. Ratiba aliiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani: saa kumi na mbili, watoto; na robo, mke; na nusu, duka tena. Juzi alipowamaliza watoto mapema, alisimama uani dakika tatu, mvua ikimnyeshea, akingoja zamu ya mke ifike. Kulala, alikuwa akilala dukani kila usiku, katikati ya matairi na minyororo ya pikipiki, maana mji wa Salamabila una wezi, na wezi hawana ratiba.

Majirani aliwaonea huruma, ile huruma inayokaribia kutema mate. Huyo Joël, kwa mfano, muuza sabuni na chumvi. Kila saa sita mchana anafunga mlango, anaenda kula na mke wake Carine, na kicheko chao kinasikika mpaka barabarani. Mfanyabiashara gani anacheka saa sita mchana? Atazeeka na sabuni zake.

Yeye, Octave, alikuwa na duka kubwa la vipuri na ndoa isiyo na kelele.

Zamu ya mke ilipofika, alimkuta jikoni ameinama motoni, kitenge kimemfunika kichwa, mgongo umeelekea mlangoni. Octave akakaa kwenye kigoda, akafungua daftari lake dogo. Leo ilikuwa siku ya tatu ya juma. Siku ya kwanza ni afya, ya pili ni watoto, ya tatu ni sifa.

"Bugali ya jana ilikuwa tamu, mama Sarah-Grâce," akasoma.

Jana nyumba nzima ilikula wali.

"Asante," sauti ikajibu, ndogo, ya kukwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Lakini mafua ni mambo ya siku ya kwanza. Octave hakuuliza.

Sarah-Grâce, binti yake wa miaka mitano, alichungulia mlangoni.

"Papa, mama…"

"Saa ya watoto imepita. Utauliza kesho."

Mtoto akatazama motoni, akamtazama baba yake, akaenda zake.

"Sasa sikiliza vizuri," Octave akaendelea. "Kesho mutu wa redio anakuja hapa. Anataka watu wasikie namna mutu anaweza kushika biashara na familia, yote mbili, bila kupoteza hata moja. Mimi nitaongea nusu saa. Wewe, dakika moja."

"Niseme nini?"

"Useme ukweli tu. Useme kama hapa Salamabila hakuna bibi mwingine mwenye kuangaliwa na bwana yake kama wewe."

Mwiko ukasimama ndani ya chungu. Mabega yakaanza kutikisika. Octave alijua machozi ya furaha yanavyofanya. Akaandika kando ya neno sifa: imefaulu. Akaangalia saa. Zilibaki dakika nne, na maneno ya daftari yalikuwa yamekwisha. Jambo hilo lilikuwa halijamtokea. Akatafuta la kusema.

"Wewe una neno?"

"Moja tu."

Mwanamke akaufuta mkono mmoja, kisha wa pili, bila haraka. Akafungua kitenge kichwani, akageuka, akamtazama Octave usoni. Hakuwa na chozi hata moja. Alikuwa anacheka.

"Shemeji, mimi ni Elsa. Dada yangu aliondoka, leo iko siku tisa, akaniambia nikae hapa mpaka siku utakayoona kwamba hayupo. Sasa siwezi kungoja tena: kule Lusangi karanga zangu zinaoza shambani."