Tembo wa Bara Hindi na Abiria Wake

Jamani, Tembo wa Bara Hindi alibebeshwa wafalme mpaka mgongo ukachubuka! Alianza Chui, akaja Mwewe wa milimani akampindua, halafu Mbweha mwekundu wa ng'ambo akamtimua Mwewe. Wote walikalia kiti kilekile mgongoni. Lakini Tembo akitaka kuoga mtoni, Chui na Mwewe walikuwa wanashuka.

Mbweha akagoma. "Mtawala hashuki! Kuoga marufuku!"

"Bwana mkubwa, ngozi inaniwasha, nitakufa."

"Kufa basi, lakini ukiwa umenibeba!"

Hee! Tembo akaingia mtoni naye hivyohivyo, akajilaza ubavu. Mbweha akaibukia kule mbali, kalowa chapachapa, anapiga kelele: "Nimeshuka mwenyewe! Kwa hiari yangu, mnasikia?"