Ngiri na Mbolea ya Ruzuku

Ngiri mmoja alijaliwa mahindi yaliyostawi kuliko ya jirani zake wote, lakini macho yake hayakutulia shambani mwake. Alipomwona Nungunungu, aliyekaukiwa na mazao kwa ukame, akipokea mbegu na mbolea ya ruzuku, wivu ulimkaba roho.

“Kumbe serikali inawapenda wenye mashamba makavu,” alijisemea. Akang’oa mahindi yake yote, kisha akamwita Bwana Shamba Korongo.

Korongo aliinama, akautazama udongo. “Ndugu Ngiri, ruzuku ni ya walioharibiwa mazao na ukame. Hapa naona alama za meno yako.”

Wakati wa mavuno, Nungunungu alimwonea huruma, akamkaribisha chakula. Ngiri alikula huku akichungulia kama tonge la mwenyeji wake ni kubwa kuliko lake.