Glavu za Bingwa Asiyetajwa

Miaka hiyo, mazoea ya mikono ya marehemu yalihifadhiwa kwenye glavu na kuuzwa madukani kihalali. Ndeshi, mfamasia wa Moshi aliyecheza gofu kila Jumapili, alikuwa amebadilisha fimbo mara tatu, lakini mikono ilizidi kumtetemeka kila alipolikaribia shimo. Akanunua glavu za mwanamke aliyewahi kuwa bingwa. Jina lake halikuandikwa.

Jumapili hiyo fimbo ilizunguka kwa ulaini, mpira ukanyooka, na moyo wake ukatulia.

Wiki ya tatu, akiwa nyumbani bila glavu, alimsuka binti yake Anzeni. Hakuwahi kujua kusuka. Vidole vilikwenda mbio, vikachora mistari myembamba hadi kisogoni, huku yeye akivitazama tu.

"Umejifunza wapi?" mumewe aliuliza.

"Sijajifunza."

Kesho yake alizirudisha glavu. Muuzaji akazipima. "Mama, hizi ni tupu. Hamna kitu tena ndani."

Jumamosi, Anzeni alileta kitana, akaketi katikati ya magoti ya mama yake. Ndeshi alikunja ngumi. "Leo baba atakupeleka saluni."

"Sitaki. Nataka yule aliye mikononi mwako anisuke. Siku ile alipomaliza aliniandika shingoni kwa kidole: Rukia."

"Rukia ni nani?"

"Ni mimi," mtoto alisema, "nikiwa na yeye."

Ndeshi alitaka kuinuka. Ngumi zake zikafunguka zenyewe, na kitana kikaanza kupita nyweleni, taratibu, kwa upendo wa mama mwingine.