Trela Isiruke

"Hata bilauri ya maji isimwagike," mgeni alisema kabla ya salamu. "Unaweza, fundi?"

Alikuwa ameingiza pikapu gerejini taratibu, bila honi, nyuma ikivuta trela ndogo. Juu ya trela, magodoro mawili; kati ya magodoro, kitu kimefungwa kwenye blanketi. Urefu wake kama mtoto wa chekechea.

Fundi alijifuta mikono kwenye ovaroli. Wanaume wengi humwuliza, naye kashika spana, fundi yuko wapi. Huyu hakuuliza. Hilo nalo likamtia shaka.

"Mzigo mwepesi ndio unaorusha trela," alisema. "Tutapunguza upepo kwenye tairi, tuongeze mifuko ya mchanga, tukaze hapa inapounganika na gari. Na huo mzigo usogee mbele kidogo."

Akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Kisha sauti ikalainika. "Samahani, dada. Nitasogeza mwenyewe."

Fundi aliziona kucha zilizovunjika, na vumbi la saruji hadi kwenye kope. Akajilaza chini ya trela, mikono kazini, masikio kwa mgeni.

Mgeni alikuwa kwenye simu. "Mke wangu, usilie. Ndiyo, mnunuzi ameliona shimo, nyumba ameikataa. Aende tu. Si nilikuahidi hatutamwacha pale peke yake?"

Nati ilikuwa imeshakaza. Fundi akaendelea kuikaza.

"Bomba liko kule nyuma, kaka," alisema alipochomoka, akijitahidi kutabasamu. "Kanawe uso. Safari ni ndefu."

"Umejuaje ni ndefu?"

"Wenye safari fupi hawaogopi mashimo."

Mgeni akacheka kidogo, akaenda. Fundi alitoa simu, akaandika namba ya polisi, kidole kikasita. Wangemwuliza ameona nini. Aliyemo kwenye blanketi ni mtoto wa watu. Kama bado anapumua je? Akafunua blanketi.

Kilikuwa kipande cha ukuta, kimekatwa kwa msumeno pande zote, rangi ya samawati imebanduka kingoni. Mistari ya penseli ya kupimia kimo cha mtoto ilipanda kama ngazi, kila mmoja na maandishi ya mkono uleule: miaka miwili. Miaka mitatu. Minne. Mitano.

Juu ya mitano hapakuandikwa kitu.