Moshi Mbele ya Geti Jipya

Mwajabu alikuwa akigeuza maandazi barazani kwake, kama kila asubuhi, gari liliposimama kwenye nyumba ya jirani yake Shomvi, iliyokarabatiwa juzi juzi ili iuzwe.

"Mtaa unapanda bei huu, bosi," dalali alimwambia mnunuzi.

Mnunuzi alimtazama Mwajabu. "Kando ya haya? Nusu bei."

Shomvi alitoka getini mbio, akalipiga teke karai la maandazi. Mafuta ya moto yalimrukia Mwajabu mguuni, mengine yakachafua ukuta mweupe. Mwajabu alipiga yowe, akamcharaza Shomvi kwa upawa mpaka pua ikatoka damu. Gari likaondoka.

"Nilikwambia jiko lako linaniharibia bei!" Shomvi alifoka.

"Ulisema kuni zina moshi, nikanunua gesi. Haya, nionyeshe moshi, mdogo wangu! Wewe uliyekuzwa na maandazi yangu!"

Shomvi hakutazama jiko. Macho yake yalipita kwenye mabati yenye kutu, kwenye kanga iliyopauka, yakatua kwenye mguu uliokuwa ukivimba.

"Si moshi, Da Mwajabu," alisema, damu ikimdondoka kidevuni. "Ni wewe."

Andazi bichi moja, lililonata ukutani, lilikuwa bado linachuruzika mafuta.